Mkawa: Ua Ulio Hai wa Kuzungusha Bustani

Mkulima wa Mackinnon Road anaijua vizuri kazi ya kufunga boma la miiba. Hushika panga, huenda porini, hukata matawi ya mgunga, huyakokota mpaka nyumbani na kuizungusha bustani yake ya kunde na mchicha. Kazi hiyo humaliza siku nyingi na huchana mikono. Mvua ikinyesha mchwa hutoka chini, hula matawi yale kuanzia shinani, na kabla mwaka haujaisha mbuzi wa jirani wamo ndani ya bustani. Halafu panga hushikwa tena. Kila mwaka pori hurudi nyuma kidogo, na kila mwaka miiba hufuatwa mbali zaidi.

Makala haya yanaeleza njia nyingine, nayo ni kupanda ua ulio hai kwa mmea wa papa hapa kwetu, ambao una miiba ya kutosha kumzuia mbuzi na una matunda ambayo watoto wanayapenda. Mbegu zake hazinunuliwi dukani. Lakini mmea huo una jamaa yake mwenye sumu kali, anayefanana nao sana, na mtu asiyewatambua wote wawili asianze kupanda. Sehemu inayohusu sumu naomba isomwe kwa sauti nyumbani, watoto wakiwapo.

Mmea wenyewe ni mkawa. Nimetumia jina la Wakamba, ambao ni wengi katika skimu za makazi za Kwale; wengine walipewa mashamba Shimba Hills tangu miaka ya 1950. Kiswahili cha pwani kina jina lake, mtanda-mboo, lakini mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, na ndani ya jina hilo mna neno ambalo mwalimu halitamki mbele ya darasa. Wamasai huuita olamuriaki, na Wajaluo ochuoga. Mtu aliyekulia mahali penye vichaka, ukimwonyesha tunda lake, atalitaja jina la kwao na kukuambia kuwa alilila alipokuwa akichunga mbuzi.

Wataalamu wa mimea nao waliupa majina mawili yanayofaa kukumbukwa. Msweden mmoja, Peter Forsskål, aliukuta Yemen katika safari ambayo hakurudi, kwa kuwa alikufa huko kwa malaria mwaka 1763. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1775, na jina alilouachia mmea huu ni edulis, yaani wa kulika. Siku hizi wataalamu wanauita Carissa spinarum, na neno hilo la pili ni la miiba. Basi majina yote mawili ni ya kweli: ni mmea wa kulika na ni mmea wa miiba. Unaota Afrika, Arabuni, Bara Hindi na hata Australia.

Namna ya kuutambua

Mkawa ni kichaka kinachoweza kumpita mtu kwa urefu, na ukiwa katikati ya miti mingine hupanda juu yake kama mtambaazi. Majani yake ni ya kijani kibichi kilichoiva, yanang'aa, nayo hutoka mawili mawili yakitazamana katika tawi. Miiba pia hutoka pale pale penye majani. Ni miiba iliyonyooka, migumu, na mingine hufikia urefu wa kidole cha mwisho cha mkono. Ukikata tawi au ukichuma jani utaona utomvu mweupe kama maziwa. Maua ni madogo, meupe kwa ndani na yenye wekundu kwa nje, yamekusanyika penye ncha za matawi, na harufu yake ni tamu. Tunda ni la kadiri ya ukubwa wa pipi ndogo. Huanza kijani, huwa jekundu, na likiiva kabisa huwa la zambarau iliyokaribia weusi. Ndani mna mbegu chache, mbili mpaka nne.

Wakati wa kiangazi, vichaka vingine vinapopukutika na pori kuwa la kijivu, mkawa mara nyingi hukaa na majani yake. Waliotembea katika pori la Taru wakati wa ukame mkubwa wa 2020 mpaka 2023, ambapo mvua za misimu mitano mfululizo zilishindwa, wanajua thamani ya kitu kinachobaki kijani.

Huenda wengine mmeona katika bustani za Diani ua wa mmea unaofanana na huu lakini wenye matunda makubwa mekundu, na miiba iliyogawanyika mara mbili nchani. Huo ni ndugu yake kutoka pande za Natal, Afrika Kusini. Nao matunda yake yaliyoiva huliwa, lakini wetu ndio uliozoea kiu ya Mackinnon Road.

Jamaa yake mwenye sumu

Katika mapori yetu kuna mti mwingine wa ukoo huo huo. Kwa Kiswahili huitwa msunguti, kwa Kikamba kivai, na katika lugha za Mijikenda utasikia mutsungu. Huu ndio mti wa sumu ya mishale. Wawata wa Tsavo waliwinda ndovu kwa sumu hiyo, wakichemsha mbao na mizizi yake mpaka ikawa nzito kama lami. Dawa iliyomo ndani yake huushika moyo. Mfaransa Arnaud aliitoa katika mti wa jamii hiyo mwaka 1888, na jina lake kwa madaktari mpaka leo, ouabain, limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale.

Sasa sikilizeni jinsi unavyofanana na mkawa. Majani yake hutoka mawili mawili yakitazamana, na yanang'aa. Ukiukata hutoa maziwa meupe. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo, yana harufu nzuri. Tunda lake huwa jekundu, kisha zambarau. Mtoto mwenye njaa anayetoka shule hatazami zaidi ya hapo.

Alama iliyo wazi kuliko zote ni mwiba. Mkawa una miiba, msunguti hauna hata mmoja. Tena jani la msunguti ni gumu kama ngozi iliyokaushwa, na tunda lake kwa kawaida ni kubwa kuliko la mkawa. Lakini msiwafundishe watoto mambo mengi ya majani na ukubwa wa tunda. Wafundisheni neno moja: hakuna mwiba, hakuna kula. Wengine husema tunda la msunguti likiiva kabisa halina madhara. Yaliyo mabichi, mbegu, majani, magome na mbao vyote vina sumu, na mtoto hawezi kupima kuiva kwa tunda. Shauri langu ni kutolionja, likiwa bichi au likiwa limeiva. Kijiti cha mti huo kisitumike kuchomea mishikaki wala kukorogea chungu.

Ikitokea mtu amekula, asingojewe atapike nyumbani, wala asipewe dawa za kienyeji za kujaribu. Apelekwe kituo cha afya mara moja, au hospitali ya Kinango, Mariakani au Voi, ile iliyo karibu, na tawi la mmea alioula lichukuliwe ili mganga auone.

Jambo hili linahusu pia ua wenyewe. Ndege hula matunda porini na kuangusha mbegu wanapotua, na mahali wanapopenda kutua ni juu ya ua. Kila mwaka, kabla ya mvua, pitia ua wako mche kwa mche. Ukiona mche wenye majani ya kung'aa na maziwa meupe lakini hauna miiba, ung'oe pamoja na mizizi, uchimbie chini, kisha unawe mikono. Usiutupe mahali mbuzi wanapopita.

Kwa nini mmea wa kwetu

Mkulima mmoja aliniuliza ofisini kwa nini tusipande mathenge, maana hukua upesi na mbuzi haupiti. Ni swali zuri. Mathenge uliletwa karibu na Mombasa mwaka 1973 ili kurudisha miti katika machimbo ya mawe, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 ukapandwa Baringo kuzuia jangwa. Ulikua upesi kweli. Haukusimama. Uliingia katika malisho na kando ya maji, na meno ya mbuzi waliokula maganda yake yakaoza, hata watu wa Baringo wakaenda mahakamani mwaka 2006. Mmea unaokuja na sifa ya kukua upesi ni kama mgeni anayekuja na sanduku kubwa: yafaa umuulize atakaa siku ngapi.

Mkawa ni wa polepole. Mwaka wa kwanza utadhani umekataa kukua, kwa kuwa nguvu zake ziko chini katika mizizi. Mwaka wa pili huanza kutanuka. Msiutegemee kumzuia mbuzi kabla ya mwaka wa tatu, na matunda ya kujaza bakuli msiyangojee mapema kuliko hapo. Kwa muda huo boma la miiba la zamani libaki mahali pake, hatua mbili nje ya mstari wa miche. Kwa kweli ni lazima libaki, kwa sababu majani machanga ya mkawa mbuzi huyapenda sana, na usiku mmoja unatosha kumaliza kazi ya mwaka.

Mbegu na miche

Chuma matunda yaliyoiva kabisa, yale meusi, kutoka vichaka kadhaa na si kimoja tu. Chagua vichaka vyenye miiba mingi na matunda matamu. Wanawake na wachungaji wa kijiji wanavijua, waulizeni. Ni vizuri mchumaji awe mtu mzima anayeutambua msunguti. Msiende kuchuma wala kuchimba miche katika kaya. Kaya Mtswakara ya Waduruma na wenzake ziliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, lakini hata kabla ya hapo wazee hawakuruhusu mtu kutoka mle na kitu mkononi. Vile vile mbuga ya Tsavo hairuhusiwi. Mikawa iliyoko kando ya njia na katika mashamba yetu inatosha.

Yaminye matunda ndani ya maji, yasugue pamoja na mchanga mpaka nyama itoke, kisha yasafishe. Mbegu zinazoelea zitupe. Zilizozama zianike kivulini siku mbili au tatu, si juani, halafu zipande. Mbegu mbichi za msimu huo ndizo zinazoota vizuri. Usiziweke katika chupa mpaka mwaka ujao.

Udongo wa kitalu uwe sehemu mbili za udongo mweusi wa chini ya miti, sehemu moja ya mchanga na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi ina moto na huunguza miche. Mifuko ya maziwa iliyooshwa na kutobolewa chini inafaa sana, na makopo pia. Weka mbegu mbili katika kila mfuko, zifunike kwa udongo wa unene wa mara mbili ya mbegu, na unyunyize maji asubuhi. Zitaota kidogo kidogo, hazioti zote kwa siku moja. Basi usiukate tamaa mfuko ulionyamaza. Zikiota mbili, ng'oa ile dhaifu.

Jenga kivuli cha makuti au nyasi juu ya kitalu. Mwezi mmoja kabla ya kupanda, punguza kivuli na punguza maji pole pole ili miche ijifunze jua la shambani. Mche uliodekezwa kivulini mpaka siku ya kupandwa hufa katika wiki ya kwanza.

Wasio na mbegu wanaweza kuinamisha tawi la mkawa uliopo, kuufunika sehemu ya katikati kwa udongo na kuweka jiwe juu yake. Likitoa mizizi hukatwa na kuhamishwa. Njia hii ni nzuri kwa miche kumi. Kwa ua mzima utachoka.

Hesabu ya miche na maji

Tufanye hesabu pamoja. Bustani ya mboga yenye urefu wa futi 60 na upana wa futi 30 ina mzunguko wa futi 180. Toa futi 3 za mlango, zimebaki 177. Ukipanda mche mmoja kila futi moja utahitaji miche 178, kwa maana wa kwanza unasimama kabla ya futi ya kwanza kuanza. Mstari mmoja unazuia ng'ombe, lakini mbuzi mwerevu hupenya chini. Kwa hiyo ongeza mstari wa pili futi moja ndani, kila mche ukitazama nafasi iliyo katikati ya miwili ya mstari wa kwanza. Hiyo ni miche 177 mingine, jumla 355. Mingine itakufa, basi otesha 430.

Kila mche ukipewa nusu lita ya maji, miche 355 inakunywa karibu lita 178, yaani mitungi tisa ya lita 20. Anayeteka maji kwenye lambo anajua mitungi tisa ni nini, hasa ikiwa ni mama wa nyumba ndiye anayeibeba. Kwa sababu hiyo sisemi mtu azungushe ekari nzima. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa futi 835 hivi, na kwa mistari miwili ni miche zaidi ya 1,600. Mwenye maji machache aanze na upande mmoja wa bustani, ule ambao mbuzi huingilia, na pande nyingine azipande miaka inayofuata. Maji ya kuoshea vyombo na nguo yanafaa, mradi hayana sabuni nyingi.

Chimba mtaro wenye kina cha futi moja na upana wa futi mbili kabla mvua hazijaanza. Changanya udongo wa juu na samadi na uurudishe, lakini usiujaze mtaro mpaka juu. Acha uwe chini ya uso wa ardhi kwa upana wa kiganja ili maji ya mvua yakae humo. Mchanga wetu mwekundu hunywa maji upesi; bila mtaro, mvua ya saa moja hupita na kwenda zake barabarani. Baada ya kupanda funika udongo kwa nyasi kavu, lakini nyasi zisiguse shina, kwa sababu mchwa huja kula nyasi na huendelea na mche.

Wakati wa kupanda unategemea unakaa wapi. Huku bara ya Kwale, yaani Mackinnon Road, Taru na Samburu, mvua ya vuli ya Oktoba mpaka Desemba mara nyingi huaminika zaidi, kwa hiyo tunapanda mara mvua ikishalowesha udongo sawasawa, kwa kawaida mwezi wa Novemba. Wakulima wa Msambweni na upande wa Shimba Hills wana mvua ya mwaka, nao wapande Aprili au Mei. Mtu wa bara aoteshe mbegu zake mapema mwaka huo huo, ili miche iwe na miezi sita au zaidi vuli inapofika.

Mpaka na jirani

Ua wa bustani ni mambo ya mtu na mke wake. Ua wa mpaka ni mambo ya watu wawili au zaidi, na mengi ya mashauri yanayofika kwa chifu yalianza na mstari wa miti. Kwa hiyo kabla ya kuchimba, mwite jirani mtembee wote wawili kutoka bikoni moja mpaka nyingine. Mkikubaliana kupanda ua mmoja wa pamoja, gawaneni miche na maji, na mwelewane nani atachuma matunda ya upande gani. Msipokubaliana, panda ndani ya shamba lako, futi tatu kutoka mpakani, ili upate nafasi ya kupita na kupogoa bila kukanyaga kwa mwenzako. Usipande juu ya bikoni wala kuifunika. Mpima ardhi akija asiione, gharama ya kuitafuta italipwa na ninyi. Usipande pia katika nafasi ya barabara ya skimu. Siku greda likipita, miaka yako mitatu itakwenda nalo.

Kupogoa, na matunda

Mche ukifika magotini, ukate ncha. Utatoa matawi ya pembeni, na hayo ndiyo yanayoziba chini. Watu wengi huona huruma kukata mche uliosumbuka kukua, na matokeo yake ni ua mrefu wenye madirisha chini. Kata tena ukifika kiunoni. Baada ya hapo pogoa pande zote mbili mara moja kwa mwaka, chini pawe papana kuliko juu, ili jua lifike mpaka kwenye matawi ya chini.

Lakini kumbukeni kuwa maua ya mkawa hukaa katika ncha za matawi. Anayepogoa kila mwezi ili ua upendeze kama ukuta hatapata matunda. Mwenye kutaka vyote viwili aache mche mmoja katika kila hatua kumi ukue upendavyo, au apogoe nje mwaka huu na ndani mwaka ujao. Mimi napenda njia ya pili, maana haihitaji kukumbuka mche upi ni upi. Fanya kazi hiyo matunda yakiisha, si wakati wa maua. Nyuki huyapenda maua hayo, na mwenye mizinga atafurahi.

Tunda huliwa bichi, likiwa limeiva na kuwa laini. Lile jekundu bado lina maziwa yanayonata midomoni. Jamu yake ni rahisi: osha matunda meusi, yachemshe na maji kidogo mpaka yapasuke, yaponde na kuchuja ili mbegu zibaki. Kwa kila kikombe cha rojo tia kikombe cha sukari, na maji ya ndimu moja kwa sufuria nzima. Koroga juu ya moto mpaka tone moja, likiwekwa juu ya sahani baridi, likunjike ukilisukuma kwa kidole. Mimina katika chupa zilizochemshwa. Ndege, tumbili na watoto watachukua sehemu yao kabla yako, basi usipige hesabu ya jamu kwa maua unayoyaona.

Wengine watakuja kuomba mizizi, kwa sababu huchemshwa katika supu na kutumiwa kama dawa tangu zamani. Habari za dawa si kazi ya ofisi ya kilimo. Ninalojua ni kwamba mkawa uliochimbwa mizizi pande zote hukauka, na vichaka vingi vilivyokuwa karibu na vijiji vimekwisha kwa njia hiyo. Mkawa wa ua usichimbwe. Anayetaka mizizi mpe mbegu apande wake.

Nimeulizwa pia juu ya ndovu, na wakulima wanaopakana na Tsavo wana haki ya kuuliza. Mkawa hauzuii ndovu. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, ndovu akigusa waya mizinga yote hutikisika, na wengi wao hugeuka. Hiyo ni habari nyingine, na inahitaji makala yake. Mkawa ni kwa mbuzi, ng'ombe na kuku wa jirani.

Limebaki jambo la mlango. Nimeona ua mzuri sana, mnene, wa miaka mitano, na mwenyewe ameziba mlango kwa tawi moja la mgunga ambalo mchwa wamekwisha kulila nusu. Tengeneza mlango wa mbao wenye bawaba, na miimo yake ipake oili chafu ya gari sehemu inayoingia ardhini, tena ifanye kazi hiyo mbali na kisima na mizizi ya miche. Mbuzi hana haja ya kupambana na miiba ikiwa mlango uko wazi.